Kabla Hujamkabidhi Fundi Kiyoyozi Chako
Elimu kwa Umma: somo kwa wenye nyumba, wapangaji na wenye biashara

Upepo wa kaskazi unapovuma, na hasa kati ya Februari na Aprili, joto la mchana hapa Mombasa hufika nyuzi 32 na kuendelea, na unyevu wa hewa hulifanya lihisike kali kuliko hivyo. Huu ndio msimu ambao simu za mafundi wa viyoyozi, au eisi kama wengi wetu tunavyoziita, hazitulii. Ndio msimu pia ambao ni rahisi kupoteza pesa, kwa sababu mtu aliyekosa usingizi usiku tatu mfululizo humpokea fundi wa kwanza anayepatikana.

Hasara ya kazi mbovu haiishii mfukoni. Waya mwembamba kupita kiasi huweza kuteketeza nyumba. Kisanduku cha nje kilichoshikiliwa na misumari miwili huweza kumwangukia mpita njia. Bomba lililojaribiwa kwa gesi isiyofaa huweza kulipuka mkononi mwa fundi mwenyewe.

Ukimaliza somo hili, mkaazi mwenzetu, utaweza kufanya mambo manne: kueleza kiyoyozi kinavyofanya kazi, kukagua stakabadhi za fundi, kusimamia kazi yake bila kuwa fundi, na kujua pa kwenda ukikosewa. Mwisho kuna maswali ya kujipima.

1. KIYOYOZI HUFANYAJE KAZI?

Wengi hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kubeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Kinachobeba joto hilo ni gesi maalumu inayozunguka kwenye mabomba ya shaba kati ya kisanduku cha ndani na kisanduku cha nje. Ikiwa ndani, gesi hufyonza joto la chumba. Kompresa huisukuma hadi nje, na huko feni hupuliza joto lile likatoka. Kisha gesi hurudi ndani kuanza upya.

Shika jambo moja hapa, kwani ndilo litakalokuokolea pesa nyingi zaidi: gesi hiyo haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka baada ya mwaka. Gesi ikipungua, maana yake kuna mahali inavuja.

Kwa hivyo fundi akikuambia, "Gesi imeisha, nitakuongezea," swali lako la kwanza liwe: "Imevujia wapi?" Fundi anayejaza bila kutafuta tundu ni kama mtu anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tuseme anatoza shilingi 5,000 kila anapojaza, naye huitwa mara mbili kwa mwaka. Kwa miaka mitatu utakuwa umelipa shilingi 30,000, na tundu bado lipo.

2. STAKABADHI TATU, MAANA TATU

Kazi ya kiyoyozi ina ufundi wa aina mbili ndani yake: umeme, na mfumo wa gesi ya kupoza. Juu ya hayo, ni biashara. Kila upande una stakabadhi yake, na hakuna moja inayochukua nafasi ya nyingine.

Leseni ya umeme. Hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo iko chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Leseni hizi zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi inayoruhusiwa. Anayevuta laini mpya ya stima kutoka kwenye meinswichi hadi kwenye kiyoyozi chako anapaswa kuwa na leseni hii. Omba nambari yake, kisha uithibitishe kwa EPRA wenyewe. Picha ya leseni kwenye simu haitoshi, kwani picha ni rahisi kughushiwa na huenda leseni yenyewe ilishapitwa na wakati.

Cheti cha ufundi. Hiki huonyesha kwamba mtu amesomea mambo ya friji na viyoyozi. Huenda ni cha chuo cha kiufundi, au ni cha mtihani wa ufundi unaotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mtihani wa NITA una gredi tatu: gredi ya 3 ni ya kuanzia na gredi ya 1 ndiyo ya juu kabisa.

Kibali cha biashara. Hiki hutolewa na serikali ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la leseni za biashara. Tuseme ukweli hapa: kibali cha kaunti huthibitisha kwamba biashara imesajiliwa na ina mahali inapopatikana. Hakithibitishi kwamba fundi anajua kuunganisha bomba. Usikubali kuonyeshwa kibali cha biashara pale ulipouliza cheti cha ufundi.

Je, fundi aliyejifunza kazini bila kuingia darasani hafai? Wapo mafundi hodari wa namna hiyo katika kila mtaa, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Kwao ushauri ni kufanya mtihani wa NITA ili ujuzi walio nao uwe na karatasi. Kwako wewe mteja, ushauri ni kwamba fundi wa aina hiyo afanye kazi pamoja na fundi wa umeme mwenye leseni, na akuonyeshe angalau kazi mbili alizofanya zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Kazi ya jana haijapimwa na kaskazi hata mmoja.

3. UKUBWA WA KIYOYOZI

Nguvu ya kiyoyozi hupimwa kwa BTU. Vya nyumbani mara nyingi huwa vya 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Kwa makadirio ya kuanzia, chukua eneo la sakafu kwa mita za mraba, kisha uzidishe kwa 600.

Mfano: chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita 16 za mraba. 16 mara 600 ni 9,600. Chumba hicho kikiwa orofa ya chini na kina kivuli, kiyoyozi cha 9,000 huenda kikatosha. Kikiwa chini ya mabati, au kina dirisha kubwa linalopigwa na jua la alasiri, chagua cha 12,000.

Usidhani kikubwa zaidi ndicho bora. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hupoza chumba haraka kisha hujizima kabla ya kukausha hewa. Kwetu Pwani, unyevu ndio unaotutesa kama joto lenyewe. Utabaki na chumba cha baridi lakini chenye unyevuunyevu, na kuta zitaanza kuota ukungu.

Kwa sababu hiyo, fundi anayekutajia ukubwa na bei kwa simu bila kuuliza vipimo, dari, madirisha na idadi ya watu anabahatisha. Mtake aje apime kwanza.

Unaponunua, tazama pia lebo ya nyota. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu utendakazi wa vifaa vya umeme zimeviweka viyoyozi miongoni mwa vifaa vinavyopaswa kuwa na lebo hiyo. Nyota nyingi humaanisha matumizi madogo ya stima kwa kazi ileile.

4. SIKU YA KUFUNGA: MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Huhitaji kushika spana. Kaa karibu, tazama, na uulize.

Kwanza, laini ya umeme. Kiyoyozi kiwe na laini yake kutoka kwenye meinswichi, yenye sakiti breka yake na waya wa athi. Kisichomekwe kwenye soketi moja na friji kwa kutumia ekstensheni. Kwa kuwa stima hukatika na kurudi kwa kishindo, ni vyema pia kuweka kifaa cha kulinda volteji.

Pili, jaribio la uvujaji. Mabomba yakishaunganishwa, fundi mzuri hujaza nitrojeni kavu na kuangalia kama geji inashuka. Ukiona mtungi wa oksijeni unaletwa kwa kazi hii, simamisha kazi hapo hapo. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka.

Tatu, pampu ya kunyonya hewa. Kabla ya kufungulia gesi, hewa na unyevu lazima vitolewe kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu. Kazi hii si ya dakika mbili. Hata kwa kiyoyozi kidogo, tarajia kama robo saa hadi nusu saa. Wapo wanaoruka hatua hii na kufungulia gesi kidogo ili "isukume hewa". Unyevu unaobaki huchanganyika na mafuta, hugeuka tindikali na kuila kompresa polepole. Kiyoyozi kitapoza vizuri siku ile, kisha kompresa itakufa mapema, na hutajua sababu.

Nne, bomba la maji. Kiyoyozi hukamua maji kutoka hewani, na huku Pwani maji hayo ni mengi. Bomba lake liwe na mteremko wa kutosha na limwagike mahali pafaapo, si kwenye ukuta wa jirani wala kwenye kichochoro cha wapita njia, kama inavyotokea penye nyumba zilizobanana.

Tano, kisanduku cha nje. Kikae penye hewa na, ikiwezekana, penye kivuli. Kifungwe kwenye fremu ya chuma isiyoshika kutu haraka, kwa boliti zinazoingia kwenye ukuta imara, na kisipulize joto kwenye dirisha la jirani. Anayekaa karibu na bahari, kama vile Nyali au Bamburi, aulize kama koili za nje zimepakwa kinga ya chumvi.

Sita, usalama wa fundi. Kazi ya orofani ifanywe kwa mkanda wa usalama na ngazi au jukwaa imara. Fundi akianguka ukutani kwako, gharama ya kwanza ni uhai wake. Bei nafuu iliyopatikana kwa kuacha mkanda nyumbani si nafuu.

5. MATENGENEZO: KAZI YAKO NA KAZI YA FUNDI

Iliyo yako ni filta. Fungua kifuniko cha kisanduku cha ndani, toa filta, ioshe kwa maji na sabuni laini, ikauke kivulini, kisha uirudishe. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili hadi mwezi mmoja kiyoyozi kinapotumika kila siku. Zima umeme kwanza. Mara nyingi malalamiko ya "hakipozi" huishia hapa, bila shilingi kutoka.

Iliyo ya fundi ni kuosha koili za ndani na nje, kuzibua bomba la maji, kukaza nyaya, na kupima mkondo wa umeme na gesi. Mara mbili kwa mwaka zinatosha kwa nyumba nyingi. Mwenye nyumba karibu na ufuo afanye kila miezi mitatu au minne, kwa sababu chumvi ya hewa hula koili.

Kuna jambo la kwetu hasa ambalo vitabu vya maelekezo havilitaji: maji ya kisima. Visima vingi hapa vina maji ya chumvi. Kuosha koili kwa maji hayo ni kuipaka chumvi ileile unayotaka kuiondoa. Mwambie fundi atumie maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hata kama itakubidi umnunulie madumu mawili. Na asitumie mashine ya shinikizo kali, kwani hulaza mapezi membamba ya koili na kuzuia hewa kupita.

6. KIKIHARIBIKA

Kabla ya kumwita fundi, angalia haya: je, betri za rimoti zina nguvu? Je, rimoti imewekwa kwenye kupoza, au imebaki kwenye feni? Je, breka imejikata? Breka ikijikata mara ya pili baada ya kuirudisha, iache. Mwite fundi wa umeme.

Maji yakidondoka ndani, mara nyingi bomba la maji limeziba. Barafu ikionekana kwenye koili au mabomba, huenda filta ni chafu au gesi ni pungufu. Harufu ya kuungua ni amri ya kuzima meinswichi mara moja.

Ikiwa kweli gesi lazima ijazwe, soma kibandiko kilicho kwenye kisanduku cha nje. Kinataja aina ya gesi na uzito wake. Aina zinazopatikana sana ni R-22 kwa mashine za zamani, R-410A, na R-32 kwa mashine mpya. Hazichanganywi, na moja haibadilishwi na nyingine kwa kuwa tu ndiyo iliyopo kwenye gari la fundi. R-410A, kwa mfano, hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi sana kuliko R-22. R-32 huweza kushika moto, japo si kwa wepesi, kwa hivyo mfumo wake hauchomelewi ukiwa na gesi ndani. Fundi makini hupima gesi kwa mizani, si kwa kukisia.

Vilevile, gesi ya zamani haiachiliwi hewani. R-22 huharibu tabaka la ozoni, ndiyo sababu inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto takriban mara 2,000 zaidi ya kilo moja ya kaboni dioksidi. Mkataba huo ulirekebishwa mjini Kigali mwaka 2016 ili kupunguza gesi za aina hiyo pia. Fundi anapaswa kuikusanya kwenye mtungi. Muulize kama anao.

7. MAKUBALIANO NA MALIPO

Tafuta bei tatu kwa kazi ileile, zikiwa zimeandikwa. Bei iliyo chini sana kuliko nyingine mbili inahitaji maelezo: ni nini kimeachwa? Mara nyingi ni breka, waya wa athi au pampu ya vakyumu.

Makubaliano yawe kwenye karatasi, hata ukurasa mmoja, yakitaja: jina na nambari ya leseni ya fundi, aina na ukubwa wa mashine, urefu wa bomba, vifaa vya umeme, tarehe ya kumaliza, bei yote, na muda wa dhamana ya kazi. Tofautisha dhamana mbili. Dhamana ya mashine hutoka kwa muuzaji, nayo huenda ikavunjika mashine ikifungwa na asiyeidhinishwa. Dhamana ya kazi hutoka kwa fundi.

Usilipe zote mwanzoni. Lipia vifaa, kisha malizia baada ya kiyoyozi kufanya kazi kwa muda ukiwa hapo. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na udai risiti. Kipuri kikibadilishwa, omba upewe kile cha zamani.

Mpangaji, usitoboe ukuta kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi. Andikeni pia kama kiyoyozi kitabaki au utaondoka nacho.

8. UKIKOSEWA

Anza kwa kumwandikia fundi, ukieleza kasoro na kumpa siku za kurekebisha. Ujumbe wa simu unatosha, mradi uuhifadhi. Akikataa, usimlipe mwingine abomoe kabla hujapiga picha na kupata maoni ya maandishi ya fundi wa pili.

Malalamiko kuhusu kazi ya umeme au leseni hupelekwa EPRA. Yanayohusu biashara isiyo na kibali hupelekwa kwa idara ya biashara ya kaunti. Ikiwa unadai pesa zako, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya huduma ulizolipia, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Hapo ndipo ile karatasi ya ukurasa mmoja, risiti na picha vitakapokusemea.

9. JE, UNAHITAJI KIYOYOZI?

Swali hili ni la mwisho lakini lingefaa kuulizwa kwanza. Kiyoyozi cha 12,000 BTU hutumia takriban kilowati 1 kompresa inapofanya kazi. Kwa saa 8 za usiku hizo ni hadi yuniti 8 za stima, ingawa chenye inveta hutumia pungufu ya hapo. Feni ya wati 60 kwa saa hizo hizo haifikii hata nusu yuniti. Kwa wengi wetu, feni, dari chini ya mabati, mti upande wa magharibi na madirisha yanayotazamana vitatosha. Na aliye na kiyoyozi akiweke nyuzi 24 hadi 26. Kukishusha hadi 16 hakuharakishi ubaridi, huongeza bili tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Fundi anasema gesi imeisha kwa matumizi ya kawaida. Je, ni kweli?
2. Amekuonyesha kibali cha biashara cha kaunti. Je, umethibitisha ujuzi wake?
3. Chumba chako ni mita 5 kwa 4. Makadirio ya kuanzia ni BTU ngapi?
4. Ameleta oksijeni ili kupima uvujaji. Utafanya nini?
5. Anataka kuosha koili kwa maji ya kisima cha chumvi. Utamwambia nini?

Majibu: (1) La, gesi haiishi kwa matumizi, kuna mahali inavuja. (2) La, dai cheti cha ufundi na, kwa kazi ya stima, leseni ya EPRA. (3) 12,000. (4) Simamisha kazi, jaribio hufanywa kwa nitrojeni kavu. (5) Atumie maji yasiyo na chumvi.

Kata sehemu ya sita na ya saba ya somo hili uzibandike karibu na meinswichi. Msimu wa joto ukifika na fundi akibisha hodi, utakuwa na maswali yako tayari.